Tangi, bonde, kabro au shimo: chuo cha jangwani kichague nini kwa maji ya mvua?

Chuo Kikuu cha Arizona kiko Tucson, ndani ya jangwa la Sonora, na kimekuwapo tangu 1885, Arizona yenyewe ikiwa bado haijawa jimbo la Marekani. Mji huu hupata mvua ya milimita 270 hadi 290 kwa mwaka. Dodoma, ambako kila mwaka tunasikia kilio cha ukame, hupata karibu mara mbili ya hiyo. Ukiisikia namba hiyo peke yake utadhani mhandisi wa mifereji ya Tucson hana kazi. Anayo, tena nyingi.

Nusu ya mvua hiyo hushuka katika msimu mmoja wa monsuni, unaohesabiwa rasmi kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba, na hushuka kwa hasira. Alasiri wingu linajikusanya, mvua inapiga chini ya saa moja, barabara zinageuka mito, magari yanazimika kwenye vivuko. Arizona ina sheria tangu 1995 inayoweza kumtoza dereva gharama za kuokolewa akizunguka kizuizi na kujitosa kwenye barabara iliyofurika. Kesho yake ni jua na vumbi. Sehemu kubwa ya nusu nyingine huja wakati wa baridi, taratibu, mvua ya kunyonywa na ardhi. Kisha kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni ni karibu hakuna kitu, na joto linapita nyuzi 40.

Kwa hiyo kamati ya majengo ya chuo cha namna hii ina matatizo mawili yanayovutana: maji yanayofurika kwa saa moja, na wanafunzi wanaotembea juani karibu miezi mitatu bila mvua ya maana. Watengenezaji watawaletea orodha ileile: matangi, mabonde ya kupokea mvua (mashimo mapana yasiyo marefu, ya kuchimbwa), kabro inayopitisha maji (vitofali vya sakafu), mashimo marefu ya kunyonya maji, paa la majani hai yaliyopandwa juu ya jengo. Vyote vinauzwa kwa jina moja la miundombinu ya kijani, kana kwamba vinafanya kazi moja. Havifanyi. Mimi huvipima kwa swali hili: mvua iliyonyesha Julai, mwezi wa Mei mwaka unaofuata itakuwa wapi?

| Njia | Mei maji yako wapi | Kinachoiua |
|---|---|---|
| Bonde la mvua lenye miti | Yamekuwa mizizi na kivuli | Mdomo wa kuingizia maji kuziba, udongo kushindiliwa, mtunza bustani asiyeelekezwa |
| Tangi | Yamekwisha, isipokuwa kuna chanzo kingine | Pampu, chujio, na kujaa kabla ya dhoruba |
| Kabro inayopitisha maji | Chini ya sakafu, au yalikwishapanda hewani | Vumbi |
| Shimo la kunyonya | Yako njiani kwenda maji ya ardhini, mbali na mizizi | Tope, mafuta ya magari |

Paa la majani sikuliweka kwenye jedwali. Katika jangwa linahitaji kumwagiliwa ili lisife, na lengo letu lilikuwa kuokoa maji. Kama mnataka paa lisiwe la moto, lipakeni rangi nyeupe.

Hesabu kidogo kabla ya kununua chochote

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hapo ndipo pa kuanzia. Paa la mita za mraba 1,000 kwa dhoruba moja ya milimita 25 litatoa lita 25,000, toa kama sehemu ya kumi inayopotea. Kwa mwaka mzima wa milimita 270, ni zaidi ya lita 240,000.

Sasa upande wa mti. Mesquite, mti wa jangwani wa huko, yenye kivuli cha kipenyo cha mita 6 inafunika mita za mraba 28. Hewa ya Tucson ina kiu ya takriban milimita 2,000 za maji kwa mwaka, yaani ndiyo ingeyanyonya kutoka kwenye mimea na udongo usiokosa maji. Mti wa jangwani uliokwisha kushika mizizi unaishi vizuri kwa robo ya hapo, yaani lita 14,000. Mvua inayouangukia moja kwa moja ni lita 7,500 hivi. Pungufu ni kama lita 6,500. Mita moja ya mraba ya lami inapokea lita 270 kwa mwaka. Ukiondoa theluthi kwa ajili ya manyunyu yanayokauka yakiwa bado juu ya lami, zinabaki 180. Gawanya: unahitaji mita za mraba 36 za lami, yaani nafasi mbili na nusu za kuegesha gari, kulisha mti mmoja bila bomba.

Ni makadirio ya juu juu, yangu mwenyewe, lakini yanatosha kuamua. Maegesho ya magari 100 yanaweza kulisha miti 40. Nenda kahesabu miti iliyopo kwenye maegesho yenu, halafu angalia maji yake yanakwenda wapi. Mara nyingi yanakwenda kwenye mtaro, na miti inamwagiliwa kwa maji ya kununua.

Tangi dhidi ya bonde

Huu ndio mjadala wenyewe. Mengine ni nyongeza.

Tangi lina mvuto ambao bonde halina. Linaonekana, linapigwa picha, mkuu wa chuo anaweza kulizindua kwa kukata utepe. Na mfano mzuri upo hapohapo chuoni Tucson: bustani ya mafunzo ya mandhari ya Sonora, kando ya chuo cha usanifu majengo, iliyokamilika 2007 mahali palipokuwa na maegesho ya magari. Iliundwa na kampuni ya Ten Eyck. Ina tangi la galoni 11,600, sawa na lita 44,000 hivi, bwawa dogo lenye mimea ya majimaji, na miti ya jangwani iliyopangwa kufuata njia ya maji. Wageni wakifika wanalitazama tangi. Mimi ningewaambia watazame mabomba yanayoliingia. Bustani ile haitegemei mvua ya paa tu. Inapokea pia maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi vya jengo na maji ya kusafishia kisima cha chuo yaliyokuwa yakimwagwa. Kwa maneno mengine, tangi linafanya kazi kwa sababu linajazwa na kitu kisichongoja wingu.

Ondoa hivyo viwili, uache paa na tangi tu, uone kinachotokea. Dhoruba mbili za Julai zinajaza lita 44,000 kutoka paa la mita za mraba 1,000. Wakati huo udongo tayari umelowa, hakuna anayehitaji kumwagilia. Tangi linakaa limejaa. Dhoruba ya tatu inakuja, haina pa kuingia, inamwagika uani kama zamani. Oktoba mnaanza kutumia, na kabla ya Krismasi limekwisha. Mei, mwezi ambao mti unalia, tangi ni tupu.

Hapo kuna mgongano ambao wauzaji hawautaji. Ili tangi lizuie mafuriko lazima liwe tupu kabla ya mvua. Ili limwagilie lazima liwe limejaa. Tangi moja haliwezi kutumikia mabwana wawili. Unaweza kuligawa, sehemu ya juu ikivuja polepole ndani ya siku moja na sehemu ya chini ikihifadhi, lakini basi ukubwa unaoulipia unaongezeka, na bado kuna pampu, chujio, umeme na fundi.

Bonde linafanya kazi mbili kwa chombo kimoja. Udongo tifutifu hushika lita 100 hadi 150 za maji yanayopatikana kwa mizizi katika kila mita ya ujazo. Chini ya kivuli cha ile mesquite yetu, kwa kina cha mita moja tu, hizo ni lita 3,000 na kitu, ambazo hukuzinunulia chombo wala pampu. Na mti wenyewe unalitoa maji lile tangi la chini kila siku, tayari kwa dhoruba ijayo.

Tangi linashinda wapi? Penye paa kubwa na ardhi finyu. Penye kitalu cha miche au banda la vioo la utafiti, ambako mtu anakuja na ndoo kila siku. Penye jengo jipya ambalo maji ya paa yanaweza kuingia vyooni, kwa kuwa choo hakina msimu. Na penye udongo mfinyanzi unaovimba karibu na msingi, ambako hutaki kulowesha chochote.

Neno moja kuhusu maji ya viyoyozi, maana siku hizi kila pendekezo linayataja. Ni maji karibu yasiyo na chumvi, mimea inayapenda, ingawa hula mabomba ya chuma na si ya kunywa. Ila yanatokana na unyevu wa hewa. Juni, hewa ya Sonora ni kavu kiasi kwamba kiyoyozi kinadondosha kidogo. Julai, unyevu wa monsuni ukiingia, kinamwaga. Yanakuja kwa wingi pamoja na mvua, si kabla yake. Weka ndoo chini ya bomba, pima kila wiki kwa mwaka mzima, ndipo umwite mchoraji. Hesabu ya mezani kwa jambo hili imewaponza wengi.

Bonde lenyewe, na kwa nini linakufa

Ni shimo pana la kina cha sentimita 15 hadi 30, liko chini ya usawa wa lami, lina mdomo uliokatwa kwenye ukingo wa barabara ili maji yaingie, mawe ya kuvunja kasi mdomoni, na njia ya ziada kutoka. Basi. Tucson wamelifanya kwa wingi, na historia yake inatuhusu kidogo. Brad Lancaster, mkazi wa mtaa wa Dunbar/Spring, alizuru Zimbabwe 1995 na kufika Zvishavane kwa mkulima Zephaniah Phiri Maseko, aliyegeuza mteremko mkavu kuwa shamba kwa kuta za mawe na mashimo ya kukamata mvua. Phiri alikuwa akianzia juu ya mlima, mahali maji yakiwa bado machache na dhaifu, akishuka nayo hatua kwa hatua. Lancaster alirudi Tucson, akakata ukingo wa barabara mbele ya nyumba yake ili maji ya mtaa yaingie kwenye miti, wakati huo ikiwa ni kinyume cha sheria. Baadaye, 2007, jiji likaruhusu.

Baada ya hapo jiji lenyewe likachukua wazo. Mwaka 2008 lilipitisha kanuni, ikaanza kutumika Juni 2010, kwamba majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani kutoka kwa mvua iliyovunwa. Mwaka 2013 likaja agizo kwamba barabara mpya na zinazokarabatiwa zipokee mvua ya nusu inchi, karibu milimita 13, ndani ya kingo zake. Na 2020 likaweka tozo ndogo kwenye bili ya maji, senti 13 kwa kila futi za ujazo 100, yaani lita 2,830 hivi, kugharamia mabonde na, zaidi ya yote, utunzaji wake. Mpango huo wameupa jina la dhoruba kuwa kivuli. Tazama walichoahidi wananchi: kivuli. Mafuriko yanapungua, lakini anayelipa anaona mti.

Kanuni ya Phiri ya kuanzia juu ndiyo ambayo kamati za vyuo huivunja kwanza. Wanaona dimbwi mbele ya maktaba, wanachimba bonde mbele ya maktaba. Maji yakifika pale ni mengi, yana kasi, yamebeba taka zote za njiani. Bonde linajaa tope msimu wa kwanza. Panda juu: paa la kwanza, maegesho ya juu kabisa, uwanja ulioinuka. Mabonde madogo kumi huko juu yanalimaliza dimbwi la maktaba bila kuligusa.

Sasa vifo vyake. Kimoja ni udongo. Tucson ina tabaka gumu la chokaa, kaliche, mahali pengine kwa kina cha jembe tu, na maji hukaa juu yake kama kwenye sahani. Dawa ni kupima kabla: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, shika saa. Yakishuka sentimita mbili au tatu kwa saa, endelea. Yasiposhuka, ama vunja tabaka kwa nyundo ya mashine mpaka upate udongo laini, ama hamia pengine. Maji yasilale zaidi ya siku moja; wilaya ya Maricopa, iliko Phoenix, inaruhusu hadi saa 36. Mbu anahitaji siku kadhaa kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo bonde linalonyonya vizuri si mazalia, ingawa utaulizwa swali hilo katika kila mkutano.

Kingine ni mkandarasi anayemaliza kazi kwa mazoea. Amezoea kuinua kitanda cha maua juu ya barabara ili kipendeze. Atainua sentimita tano tu, na mdomo wako uliokatwa kwa gharama utakuwa unatoa maji badala ya kuingiza. Au atajaza bonde kokoto za mapambo mpaka ukingoni, na nafasi ya maji ikaisha. Au atapanda mti katikati, chini kabisa, ambako shina litakaa majini. Mti unakaa begani, kwenye kitako kilichoinuliwa, mizizi ikishuka yenyewe kufuata unyevu. Chini kabisa panda nyasi za asili zinazovumilia kuzama na kukauka. Na kaa mita 3 angalau kutoka ukuta wa jengo.

Cha tatu ni mashine ya kupuliza majani. Inasukuma vumbi na takataka zote kwenye mdomo wa bonde kila Jumatatu asubuhi. Hakuna mchoro unaoweza kushindana na hiyo. Anayeishika lazima afundishwe, na afundishwe tena atakapobadilishwa.

Kuhusu miti: Tucson wanatumia mesquite ya kienyeji, palo verde, mti wa chuma wa Sonora, na mwerebi wa jangwani. Mtu wa Garissa au Lodwar anayesoma hapa achukue umbo la bonde, asichukue orodha ya miti. Ndugu yake mesquite, Prosopis juliflora, ndiye yule mathenge aliyeletwa Baringo miaka ya 1980 kupambana na jangwa akageuka balaa kwa mifugo na malisho. Migunga ya kwetu inatosha.

Bonde dhidi ya kabro

Wazo la vitofali vyenye nafasi katikati, maji yakapita chini kwenye kokoto, ni zuri kwenye mji wa mvua nyingi. Jangwani napingana nalo kwa sababu mbili, moja ndogo na moja kubwa.

Ndogo ni vumbi. Dhoruba za vumbi za Arizona zinaziba nafasi hizo, na kuzifungua kunahitaji gari la kufyonza, si fagio. Chuo kisichokuwa na gari hilo kwenye bajeti kitakuwa na kabro ya kawaida iliyogharimu zaidi, baada ya miaka michache.

Kubwa ni ya kimaumbile. Milimita 270 zikitandazwa sawa kila mahali haziotesi kitu zaidi ya majani makavu. Jangwa lenyewe linajua hili: miti mikubwa imejipanga kandokando ya makorongo, kwa sababu miamba na ardhi ngumu ya juu inamwaga maji yake huko. Ardhi inayokataa maji ndiyo inayolisha ile inayoyapokea. Katika chuo, lami ndiyo mwamba huo. Ukiifanya inyonye, umetawanya maji ambayo yangetosha mti mmoja yakawa unyevu wa kupita, chini ya sakafu yenye joto kali, bila mzizi wa kuyanywa. Mhandisi aliyesoma kwenye mji wa mvua atakuambia punguza eneo lisilopitisha maji. Jangwani mwambie: liache, ligeuze mteremko wake uelekee kwenye mti.

Bado kuna mahali pake. Njia ya waenda kwa miguu iliyobanwa na majengo pande zote, ambako miti iko ndani ya sakafu na haiwezi kupewa bonde wazi: hapo zungusha ukanda wa kabro inayopitisha maji kuzunguka shina, mita mbili kila upande. Njia ya gari la zimamoto pia, penye sheria ya kutoacha shimo. Zaidi ya hapo, hela hiyo inafanya kazi zaidi penye jembe.

Shimo la kunyonya

Miji ya wilaya ya Maricopa kwa kawaida humtaka mwenye kiwanja apokee ndani ya kiwanja chake mvua ya saa mbili ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 100. Ardhi ikiwa ghali, watu huchimba kwenda chini: shimo refu lenye chemba ya kukamata tope na kokoto chini yake, limefunikwa, magari yanapita juu. Chuo kama cha Jimbo la Arizona kule Tempe, kilichobanwa na mji, kinaelewa mvuto wake.

Linatimiza sheria, halichukui nafasi, na linarudisha maji ardhini. Lakini maji ya ardhini ya miji hii yako makumi ya mita chini. Mti hauyapati, na mwanafunzi hapati kivuli. Jimbo linataka kila shimo la aina hii lisajiliwe katika idara yake ya mazingira, na kwa haki, kwani ni njia ya mkato ya mafuta ya magari kwenda kwenye maji ya kunywa. Kamwe lisiwe karibu na stoo ya kemikali, gereji ya chuo au pampu ya mafuta. Lifanye pipa la ziada: bonde kwanza, na kinachofurika kutoka bondeni, kikiwa kimeacha tope juu, ndicho kishuke shimoni.

Kidogokidogo au kubomoa yote?

Kuna uchaguzi mwingine ambao unaamua gharama kuliko kifaa chochote: mfanye kipande kwa kipande kama Tucson, au mfumue chuo kizima mara moja?

Mifano ya kufumua ipo, na inapendeza. Kampasi ya Polytechnic ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, huko Mesa, iko kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi la anga ya Williams, iliyofungwa 1993. Palikuwa lami na zege, pamefanywa korongo la jangwani lenye miti linalopita kati ya majengo. Huko El Paso, Texas, chuo kikuu kilipofikisha miaka 100 mwaka 2014 kiliondoa barabara na maegesho katikati ya kampasi yake, penye yale majengo ya mtindo wa Bhutan, na kuweka miti ya kienyeji na mikondo ya kupitisha maji ya mvua kwa uwazi. El Paso ilikuwa na sababu ya kuogopa maji: mafuriko ya Agosti 2006 bado yanakumbukwa.

Kufumua kunashinda mkiwa na sababu nyingine ya kuchimba. Mabomba ya maji baridi ya viyoyozi yamechakaa, nyaya zinabadilishwa, chuo kina maadhimisho na wafadhili: tumieni nafasi hiyo, kwani gharama kubwa ni kuvunja na kuondoa, na hiyo mmekwisha kuilipa. Bila sababu hiyo, kipande kwa kipande ni bora, kwa sharti moja, kwamba pawe na ramani moja ya njia za maji za kampasi nzima, iliyochorwa na mtu aliyetembea mvuani. Kila idara inayochimba barabara kwa sababu zake ipewe kipande cha ramani hiyo: mkirudishia lami, mteremko uelekee huku, ukingo ukatwe hapa. Chuo kinachimbwa kila mwaka, kwa hiyo nafasi haziishi.

Wanafunzi ni msaada halisi hapa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliendesha kuanzia 2012 shindano la vyuo la kubuni miradi ya maji ya mvua, na timu za Arizona zimeshinda tuzo humo. Wanapima mteremko, wanachimba mashimo ya majaribio, wanahesabu miti, yote kama sehemu ya masomo. Tatizo lao ni moja: wanahitimu. Mchoro wa mwanafunzi usiokuwa na jina la mfanyakazi wa kudumu wa bustani pembeni yake unakufa siku ya mahafali.

Kwa hiyo, kwa hali yenu

Mkiwa na maegesho makubwa na udongo unaonyonya: mabonde, na pesa yote huko, bila tangi hata moja kwa miaka ya mwanzo. Mkiwa na jengo jipya la maabara lenye viyoyozi vikubwa: tangi, mradi mmepima maji ya kiyoyozi kwanza, na kinachofurika kielekezwe bondeni. Kampasi iliyobanwa mjini: mabonde membamba kando ya njia, mashimo ya kunyonya kwa kinachobaki, kabro kuzunguka miti tu. Kaliche kila mahali: vunjeni vipande vichache vizuri kuliko kuchimba mabonde mengi ya sahani. Mkiwa hamna fedha ya utunzaji iliyoandikwa kwenye bajeti ya kila mwaka, chagueni mabonde matatu makubwa badala ya thelathini madogo. Najua nimesema juu kwamba madogo ya juu ndiyo bora, lakini madogo thelathini yasiyo na mtu ni midomo thelathini iliyoziba.

Miti yote, hata ya kienyeji, itahitaji kumwagiliwa miaka miwili au mitatu ya kwanza. Wekeni bomba la matone la muda, na tarehe ya kulifunga iandikwe kwenye mkataba, maana bomba lisilofungwa huendelea kumwagilia hata baada ya mti kutohitaji tena.

Na katika mkataba huohuo, zuieni sehemu ya malipo ya mwisho mpaka maji yaonekane yakiingia. Msingoje monsuni kama kazi imeisha Oktoba. Leteni gari la zimamoto la chuo, mwagieni lami ya juu, na mkandarasi asimame kwenye mdomo wa kila bonde. Pale maji yatakapopita pembeni, anavunja na kurekebisha kwa gharama zake siku hiyohiyo, saruji ikiwa bado ni yake.